Jinsi ya Kuendesha Mjadala wa Jamii kuhusu Haki ya Tabianchi na Amani: Mwongozo kwa Anayeanza, Moshi na Arumeru

Tangu nilipoanza kuendesha mijadala katika vijiji vya pande hizi, wanaoanza kazi hii huniuliza maswali yaleyale: nianze na nani, ruhusa inatoka wapi, wakigombana nifanye nini, na mbona mkutano wangu ulijaa watu ukaisha bila neno la kushika? Mwongozo huu ni wako wewe unayeuliza hivyo, uwe kijana wa kikundi cha mazingira, mwalimu, mzee wa kanisa, mjumbe wa jumuiya ya watumia maji au mama wa kikoba ambaye wenzake wamemwambia, "Tuitie watu tuzungumze." Mifano mingi ni ya maji kwa sababu ndiyo ninayoijua zaidi, lakini hatua ni zilezile kwa malisho, kwa mtaro wa mvua na kwa msitu.

Nadharia ni fupi. Haki ya tabianchi, kwa kadiri inavyokuhusu katika kazi hii, ni maswali matatu: nani huumia zaidi mvua inapokosekana au inapozidi, nani amefaidika na yale yaliyotufikisha hapa, na nani ana sauti panapoamuliwa la kufanya. Amani inaingia kwa kuwa maswali hayo yasipopewa mahali pa kuulizwa mchana, hujibiwa usiku kwenye banio, pale maji ya mto yanapogeuziwa mferejini, kwa jembe na panga.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Wenzako watatu: mwezeshaji msaidizi (ukiwa mwanamume awe mwanamke, na kinyume chake), mwandishi wa kumbukumbu asiye na shamba wala mifugo katika jambo linalojadiliwa, na mkalimani wa lugha ya pale, iwe Kivunjo, Kimachame, Kimeru au Kimaasai.
- Karatasi za bango kitita, makapeni ya rangi mbili, kamba ya katani na vibanio vya nguo vya kutundikia karatasi, kwa maana kumbi nyingi za vijiji hazina ukuta unaoshika gundi.
- Punje za mahindi na maharage, kiganja kimoja cha kila aina. Utaona kazi yake katika hatua ya saba.
- Daftari gumu moja litakalobaki kijijini. Usitumie karatasi moja moja, zitapotea.
- Fedha kidogo za chai na maji ya kunywa, pamoja na nauli ya wanaotoka mbali.
- Wiki sita. Anayekwambia kwamba kazi hii inamalizika kwa siku moja anazungumzia semina.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja lenye mipaka

Ukiandika "mabadiliko ya tabianchi" kwenye tangazo kama ajenda, watu watakuja, watasema mvua si ile ya zamani, vijana hawana adabu na serikali itusaidie, kisha watarudi nyumbani. Chagua jambo unaloweza kulisonta kwa kidole: zamu ya maji katika mfongo mmoja (mfereji wa asili wa kumwagilia), njia ya mifugo inayopita kati ya mashamba ya vitongoji viwili, mtaro unaokusanya maji ya barabarani na kuyamwaga kwenye nyumba za chini, au ukanda wa kingo za mto. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwa mwenye kihamba, yaani shamba la urithi wa ukoo, chembamba kinachoshuka hadi mtoni, mita hizo zinaweza kummaliza. Anayelima ekari hamsini huzipoteza bila kuhisi.

Onyo: usianze na mikataba ya kaboni, ile ya kijiji kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wake, hata kama ndiyo inayosemwa kila kona. Tanzania imekuwa na kanuni za biashara ya kaboni tangu mwaka 2022, na kijiji kinachoombwa saini kinahitaji mwanasheria na muda mrefu wa kusoma, si mwezeshaji anayejifunza kazi.

Hatua ya 2: Tembea kabla hujaita mtu

Kama jambo ni mfongo, anza kwenye banio na ushuke kwa miguu hadi shamba la mwisho. Fanya hivyo wakati wa kiangazi, Januari na Februari kabla ya masika, au Agosti na Septemba, ambapo maji ni machache na ukweli unaonekana. Toa shikamoo kwa kila mkubwa unayekutana naye, jitambulishe, kisha uulize maswali matatu tu: maji haya hukufikia siku gani, saa ngapi, na yasipofika unamwendea nani? Andika majibu kwa maneno yao.

Hatua hii ndiyo wanaoanza huiruka, na mimi niliiruka. Katika mjadala wangu wa pili niliwaalika "wakulima wa mfongo" kwa orodha niliyopewa na kiongozi mmoja. Tulipofika katikati, mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza kwa upole kama wafyatua matofali, wenye vitalu vya miche na vijana wanaoosha pikipiki darajani nao wataitwa siku nyingine, kwa maana wao ndio waliokuwa wakichukua maji mengi zaidi asubuhi. Nusu ya ukumbi ilicheka. Tuliahirisha, na wiki iliyofuata nilikwenda kutembea.

Hatua ya 3: Jiandae kwa ukweli wa kutosha

Utaulizwa kuhusu barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Sijawahi kuendesha mjadala wa upande wa Kilimanjaro ambao haukuiuliza. Jibu ni kwamba eneo la barafu lilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007, lakini mchango wa barafu hiyo katika maji ya mito yetu ni mdogo sana. Mito na chemchemi hulishwa hasa na mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu, ambako mvua ni nyingi kuliko kileleni na kuliko tambarare. Mtu akisema mto umekauka kwa kuwa barafu imekwisha, usimkebehi, ila usiliache lipite, kwa sababu jibu hilo huwanyang'anya watu jambo lililo mikononi mwao: barafu hawawezi kuirudisha, lakini vyanzo wanaweza kuvitunza, na kilichopo wanaweza kugawana.

Msitu nao una kidonda chake. Umekuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu mipaka ilipopanuliwa mwaka 2005. Katika vijiji vinavyopakana nao, anayebanwa zaidi na ulinzi huo ni mama aliyezoea kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni humo, ilhali maji yanayotokana na msitu huo humfikia mkulima wa mpunga wa Mabogini, hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu na huendelea hadi kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls. Hakuna aliyefanya kosa kwa kuwasha taa Tanga, lakini katika mjadala wa haki mstari huo kutoka kwa mama huyo hadi kwenye taa unastahili kuchorwa ukutani.

Kuhusu sheria, ujue angalau haya: maji yote nchini ni mali ya umma, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani kabla ya kilimo na viwanda, vibali vya kutumia maji ya mito yetu hushughulikiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yapo Moshi, na jumuiya za watumia maji zinatambuliwa na sheria hiyohiyo. Mfongo uliochimbwa na mababu haujipatii kibali kwa uzee wake. Liseme hilo kwa staha, maana kwa ukoo uliouchimba ni tusi, na ukweli mwingine unaokwenda sambamba nalo ni kwamba mababu hao waligawana maji kwa kanuni zilizodumu kwa karne kadhaa bila ofisi yoyote.

Mtu atauliza pia: waliochafua hewa ni matajiri wa nje, kwa nini sisi ndio tujadiliane kubana matumizi? Ni swali la haki na lina majibu. Afrika yote huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris wa tabianchi mwaka 2018, na mwaka 2022, mjini Sharm el-Sheikh, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa ajili ya nchi zinazoumia. Lieleze kwa dakika tano, liandikwe kwenye karatasi ya pembeni, kisha urudi kwenye mfongo. Usiahidi kwamba fedha za mfuko huo zitafika kijijini.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kwa mpangilio

Anza na mwenyekiti wa kitongoji, uende kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa mtendaji wa kijiji, kisha upeleke nakala ya barua kwa mtendaji wa kata. Mjini ni mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Barua iwe ya ukurasa mmoja: jambo, tarehe, idadi ya watu, majina ya waandaaji. Eleza waziwazi kwamba huu ni mjadala, si mkutano mkuu wa kijiji, na kwamba hauna mamlaka ya kuamua. Utatoa mapendekezo yatakayopelekwa kwenye halmashauri ya kijiji. Sentensi hiyo moja huondoa wasiwasi mwingi wa viongozi.

Viongozi wa mila waendee wenyewe kwa miguu, usiwatumie barua. Kwa wafugaji wa upande wa Monduli na Longido ni malaigwanani. Kwa Wameru ni washili. Mlimani ni wazee wa ukoo uliochimba mfongo. Usiwaombe ruhusa kwa namna inayowafanya wenye neno la mwisho, ila usiwapite. Epuka kabisa miezi ya kampeni.

Hatua ya 5: Alika kwa hesabu, si kwa tangazo peke yake

Tangazo la kanisani, la msikitini na la siku ya soko huleta watu, lakini huleta walewale. Watu 30 wanatosha. Wakizidi 40 hutaweza kuwasikiliza. Gawa nafasi kabla hujataja jina la mtu: theluthi moja watoke juu, theluthi katikati, theluthi chini, na katika kila theluthi nusu wawe wanawake. Halafu uhakikishe wamo hawa ambao husahaulika: anayekodi shamba na hana jina kwenye orodha ya mfongo, mjane anayelima kihamba ambacho shemeji zake wanakidai, kijana asiyerithi kitu, mfugaji anayepita msimu mmoja kwa mwaka, na mtu mwenye ulemavu ambaye mafuriko humkuta ndani.

Mtu wa mwisho ni mgumu kumpata kwa sababu hana cheo. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji. Yeye hujua kila mlango.

Kosa la kawaida: kumwachia kiongozi mmoja akuandikie majina. Muombe majina, sema ahsante, kisha uongeze ya kwako kutokana na ulikotembea.

Hatua ya 6: Panga mahali na saa

Pawe katikati, pasiwe pa upande wowote. Ukumbi wa kanisa ulio juu kabisa humwambia mtu wa chini kwamba ameitwa mahakamani. Shule ya msingi siku ya Jumamosi hufaa. Saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, isiwe siku ya soko wala ya msiba, na kukitokea msiba ahirisha bila kujadili. Panga viti mduara mmoja bila meza kuu.

Hatua ya 7: Endesha siku yenyewe

Fungua kwa sala kama ilivyo desturi ya pale, kwa dini zote zilizopo, kisha kiongozi aliyekuja aseme maneno mafupi na, ukiweza kumwomba vizuri, aondoke. Si dharau. Watu husema tofauti mtendaji anapokuwa chumbani, na watendaji wengi hulijua hilo wenyewe.

Weka kanuni chache, zitamkwe na washiriki: mmoja azungumze wengine wasikilize, asitajwe mtu kwa jina anapolaumiwa bali itajwe tabia, na kinachosemwa humu kisipelekwe klabuni. Ongeza kanuni moja yako: mwenye umri mdogo aanze. Ukiwaacha wazee waanze, vijana na wake zao watakubaliana nao kwa heshima, na utakuwa umesikia sauti moja kwa midomo thelathini.

Kazi ya kwanza ni kalenda. Chora miezi kumi na miwili kwenye karatasi ndefu na uwaombe wajaze: masika yaliingia lini walipokuwa watoto, yanaingia lini sasa, vuli ikoje, kahawa huchanua lini, ng'ombe hushuka na kupanda lini, maji ya mfongo hupungua lini, na ugomvi hutokea mwezi gani. Waache wabishane. Watataja miaka yao wenyewe, mathalani ukame wa mwaka 2009 uliomaliza mifugo ya Longido na Monduli, au mafuriko ya Aprili 2024. Mara nyingi mwezi wa ugomvi na mwezi wa maji kupungua hukaa juu ya mstari mmoja, na huhitaji kusema neno, wataona.

Kisha wagawe makundi kwa kadiri ya mahali wanapokaa, wanawake wa kila sehemu wakiwa peke yao, na kila kundi lijibu swali moja: mwaka wa ukame, nani wa kwanza kukosa?

Baada ya chai, toa punje. Wiki ina mchana saba na usiku saba. Gawa kila kimoja mara mbili upate vipande 28, kila kimoja saa sita. Mahindi 14 ni vipande vya mchana, maharage 14 ni vya usiku. Chora mfongo chini kwa chaki, uwaombe waweke punje kama maji yanavyokwenda sasa, si kama yanavyopaswa kwenda. Katika mfongo mmoja nilioendesha, sehemu ya juu ilipata mahindi tisa na maharage mawili, ya katikati mahindi matano na maharage manne, ya chini ikapata maharage manane na haikupata hindi hata moja. Ukumbi ulinyamaza. Bibi mmoja wa chini akasema, "Kwa hiyo sisi tunamwagilia na fisi." Tulikuwa tumeongea saa mbili kabla ya hapo bila kulifikia neno hilo.

Hatua ya 8: Leta swali la haki bila kuligeuza hesabu ya kugawa sawasawa

Hapa wengi huharibu. Wakiona punje hazilingani, husema zigawanywe sawa, na watu wa juu husimama. Haki katika jambo hili haimaanishi kila sehemu ipate punje zilezile. Wape watu wa juu nafasi ya kueleza mzigo wao: ndio wanaozibua banio mvua inapoleta mawe, mteremko wao hukauka upesi, na wengine wameacha kulima kingo za mto kwa faida ya wote. Wape watu wa katikati nafasi ya kusema wanavyopoteza maji yanapovuja. Kisha warudie maswali matatu mmoja mmoja: nani hupata, nani hubeba mzigo, nani huamua. Andika safu tatu ukutani.

Katika mfano wangu, walioamua zamu walikuwa wanaume watano, wote wa juu, na hakuna aliyewahi kuhoji kwa kuwa ilikuwa hivyo tangu zamani. Makubaliano yaliyotoka hayakuwa nusu kwa nusu. Sehemu ya chini ilipewa vipande vitatu vya mchana, na kaya za wajane na wazee zikatangulia; nayo ikakubali kupeleka watu kwenye msaragambo (kazi ya pamoja) wa banio, jambo ambalo ilikuwa imeacha kwa miaka kadhaa kwa hasira. Kamati ya zamu ikaongezewa watu wanne, wawili wa katikati na wawili wa chini, nusu yao wanawake.

Kabla hamjaondoka hapo, wawekeeni kanuni ya ukame. Makubaliano yanayofaa mwaka wa mvua huvunjika mwaka wa jua, na ni mwaka wa jua ndio unaoleta panga. Nenda banioni na wawakilishi wa pande zote, mpake mstari wa rangi kwenye jiwe lisilosogea, na mwandike: maji yakishuka chini ya mstari huu, kwanza ni maji ya kunywa na ya mifugo, pili ni kitu fulani, tatu ni kitu fulani, na matofali husimama. Mpangilio wauamue wenyewe, isipokuwa hilo la kwanza kuhusu maji ya nyumbani ambalo sheria imeshalisema.

Hatua ya 9: Andika, usome kwa sauti, utie saini

Kumbukumbu ziwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, na kila kipengele kitaje nani, nini na lini. Mwandishi asome kwa sauti, mkalimani atafsiri, na kila mtu awe huru kusahihisha kabla ya saini au dole gumba. Nakala zipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, kamati ya mfongo, jumuiya ya watumia maji na kwa kila sehemu ya watumiaji, na nyingine ibaki kwenye daftari.

Onyo: msijitungie faini. Sheria ndogo ya kijiji inapita kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kamati inayotoza mbuzi kwa mujibu wa karatasi ya mjadala inajitafutia kesi, na itashindwa.

Hatua ya 10: Peleka mbele, kisha urudi

Mapendekezo yaingie kwenye ajenda ya halmashauri ya kijiji na baadaye mkutano mkuu, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Yanayogusa kibali au mto unaovuka vijiji yaende kwenye jumuiya ya watumia maji na Bodi ya Bonde. Ugomvi wa mipaka ya ardhi uende baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha.

Kisha rudi baada ya miezi mitatu, na tena kiangazi kitakapokolea. Sisi wa pande hizi tuna kumbukumbu inayopaswa kutufundisha. Agosti 1993, mjini Arusha, pande za Rwanda zilitia saini makubaliano ya amani yaliyojadiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na miezi minane baadaye mauaji ya kimbari yakaanza. Sifananishi maafa yale na ugomvi wa mfongo. Ninachosema ni kwamba saini ni siku moja, na baada yake inabaki kazi ya kuangalia nani ameanza kuona makubaliano yanamuumiza, na kumsikiliza mapema.

Mambo yakikwama

*Watu wanadai posho.* Waambie tangu kwenye mwaliko kwamba kuna chai na nauli ya wa mbali, basi. Wengine hawatakuja, na hilo litakuonyesha kama jambo ulilochagua linawauma kweli.

*Mwanasiasa amefika na anataka kuhutubia.* Mpe dakika tatu mwanzoni, umshukuru, umkaribishe kusikiliza kwenye kundi la sehemu anakoishi kama mkazi. Asikae mbele.

*Wanawake wamenyamaza kwenye kundi kubwa.* Usiwaulize mmoja mmoja kwa jina mbele ya wakwe zao. Karatasi za makundi yao zisomwe na mwezeshaji msaidizi kwa niaba ya kundi zima, ili neno lisiwe la mtu.

*Mzee anasema mvua ni ya Mungu, tusijadili.* Mkubalie kwamba mvua ni ya Mungu, kisha umuulize zamu iliwekwa na nani. Mara nyingi ni yeye mwenyewe au baba yake, na hapo atakuwa mwalimu wako mzuri wa kanuni za zamani.

*Wamesimama na sauti zimepanda.* Usipige kelele. Tangaza mapumziko ya robo saa, toa chai, wawezeshaji wawili waende kila mmoja upande wake wasikilize. Mkirudi, kila upande useme kwanza ulichosikia upande wa pili ukisema, na upande huo ukubali kuwa umeeleweka, kabla ya hoja mpya. Mtu akitishia mwenzake kwa maneno ya kumdhuru, mjadala umeishia hapo kwa siku hiyo. Mtaarifu mtendaji mara moja na usisubiri jioni.

*Jambo lenyewe lipo mahakamani.* Usilijadili. Chagua kipande ambacho hakimo kwenye kesi, kama usafi wa mfereji au kanuni ya ukame, na uandike kwenye kumbukumbu kwamba la kesi limeachwa.

*Wafugaji na wakulima hawakubali kuketi pamoja.* Fanya vikao viwili, kila upande kwake, ukitumia kalenda ileile. Chukua kalenda ya kila upande uipeleke kwa mwenzake, mkalimani akiisoma. Nimewahi kwenda na kurudi mara nne kabla ya kikao cha pamoja, na kikao chenyewe kikachukua saa moja na nusu.

*Zamu mpya imevunjwa wiki ya kwanza.* Uliza kwanza kabla ya kulaumu. Huenda saa za mgawo hazikuzingatia muda ambao maji hutembea kutoka banioni hadi shamba la mwisho. Ukifungulia saa kumi na mbili asubuhi na maji yakafika chini saa tatu, mtu wa chini ana saa tatu tu katika zile sita mlizomwandikia. Tembea tena na saa mkononi, pima, na hesabu ya zamu yake ianze maji yanapogusa shamba.

*Watu wa chini hawakuja mara ya pili.* Usiwapigie simu kuwauliza sababu. Kikao kinachofuata kifanyike kwao, chini ya mti wao, na wa juu ndio wapande gari.